Sauti Yako Bado Inatangaza

Baba Neema,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo. Tangu nianze kazi chini yako pale redioni Kiomboi sikuwahi kuingia ofisini kwako bila kukuamkia, hata siku zile tulizokuwa tumenuniana.

Uliondoka wakati wa kupanda alizeti na sasa zimeshavunwa. Kiti chako kimehamishiwa chumba cha mitambo. Matangazo ya vifo nasoma mimi siku hizi, na wasikilizaji wananiambia nasoma vizuri ila sisikitiki kama wewe. Nimewaomba wanipe muda. Meneja ameniongezea na simu ya studio: makundi yote ya wasikilizaji, ukurasa wetu wa mtandaoni, picha, video na klipu za sauti zinazoingia kutwa nzima kama kuku walioona mtama umeanikwa.

Bado nafanya ulivyonifundisha. Unaikumbuka ile picha ya mafuriko? Mtu alituma ng'ombe wamezama hadi shingoni, akaandika kwamba ni Kinyangiri, asubuhi ile ile. Meneja alitaka iende hewani upesi. Wewe ukavua miwani, ukaisogeza simu karibu na pua, ukasema, "Halima, ng'ombe wa pembe ndefu namna hii kwetu anao nani?" Ukaniambia nimpigie mwenyekiti wa kijiji. Mzee wa watu alicheka mpaka akakohoa, maana kwao siku hiyo walikuwa wanachimba mchanga mtoni kutafuta maji ya kunywa. Ndipo uliponiambia, "Simu inakuonyesha pa kwenda kuuliza. Usiiache ikujibu." Nimelitumia neno hilo mara nyingi kuliko shilingi zote za mshahara waliokulipa.

Na vifo ulivifanyia ukali zaidi. Tangazo la kifo lililokuja kwa ujumbe hukulisoma, hata kama limeandikwa na mchungaji, mpaka ndugu wa marehemu afike studio au apige simu uisikie sauti yake mwenyewe. Ulisema hutaki mtu afe hewani kabla hajafa kitandani. Watu wa Iramba na Mkalama wakazoea hivyo. Kama hukutangaza wewe, hajafa mtu.

Sasa ona balaa. Siku yako nilisoma mimi. Nililia katikati, nikashindwa hata kutaja saa ya maziko, Meneja akaweka wimbo. Ulemo, kijijini kwako, tulikuja wengi, na tulikuzika vizuri. Lakini vijijini walikuwapo waliouliza, na kwa dhati kabisa, mbona hakutangaza yeye? Wakasema labda umehamishwa, labda umegombana na Meneja. Mtu aliyetangaza vifo vya wenzake miaka yote, chake kisomwe na binti anayelia? Wakakataa. Nami nilipoyasikia hayo nilitabasamu, Mungu anisamehe, nikaona ni mapenzi tu.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Kiomboi nachagua nyanya. Nikakusikia. "Habari za asubuhi, wasikilizaji wangu wa Iramba na Mkalama." Na ile pumzi unayovuta kabla ya habari mbaya. Ulikuwa unatoka kwenye simu ya mama mmoja aliyekaa nyuma ya mafungu ya vitunguu, na wenzake wameinama kukusikiliza. Niliziacha nyanya nikasogea. Kwa kitambo kidogo, nisikufiche, nilifurahi.

Kisha nikasikia ulichokuwa unasema. Kwamba kuna mnunuzi wa kuku mwenye pikipiki nyekundu, na matenga yake ameyafunika turubai la bluu, na ndani yake hakuna kuku bali watoto. Kwamba atakayemwona asimwache apite. Wewe hukuwahi kumwamuru mtu kitu hewani maisha yako yote, lakini nani pale sokoni alikumbuka hilo? Walikuwa wanakusikia wewe.

Fundi mitambo wetu alinieleza. Ziko programu siku hizi zinazochukua sauti ya mtu na kuisemesha lolote. Yako ilikuwa rahisi kupatikana, kwa sababu kila asubuhi ulirekodi muhtasari wa habari ukautuma kwenye kundi, kwa ajili ya wale wasio na redio. Ulifanya hivyo kwa huruma. Sasa kila nyumba Mkalama ina sauti yako kwenye simu, na mtu mmoja, sijui nani, amekaa mahali akaikata na kuishona upya. Hadi leo hatujamjua.

Mwenye pikipiki nyekundu unamfahamu. Ni Jumanne, yule wa Singida mjini, aliyekuuzia jogoo mzee wa Krismasi akakuapia kwamba ni kijogoo cha juzi juzi, ukamla kwa meno mawili na malalamiko mengi. Hiyo ndiyo dhambi yake kubwa. Kufika mchana picha ya pikipiki yake ilikuwa kwenye makundi yote, na aliyeipiga alikuwa Kinyangiri.

Nilimpigia mwenyekiti. Safari hii hakucheka. Alisema, "Mwanangu, nimemfungia ofisini kwangu ili wasimuue. Watu wamejaa nje na wengine wanazidi kuja. Polisi wanatoka mbali." Nikamwambia wewe ulishafariki. Akasema, "Mimi nilikuwepo Ulemo, nilitupa udongo. Waambie hao."

Tukawaambia. Tuliandika kwenye ukurasa wetu kwamba klipu ni ya uongo, na majibu yakaanza kushuka: mnamficha, mmelipwa, sauti tunaijua. Nikaingia hewani, nikasema kwa jina langu kwamba umekufa na nilikuzika. Bibi mmoja akapiga simu, kwa upole kabisa, akasema, "Binti, wewe tunakupenda. Ila mwite mzee aseme mwenyewe." Nikamshukuru tu. Huku kwenye simu ya studio kuna mtu alikuwa ananitumia picha za umati unavyoongezeka, na pikipiki imeshaanza kuwaka moto.

Nikapanda bodaboda hadi Ulemo. Mama Neema alikuwa uani anapepeta alizeti. Sikutaka aisikie ile klipu, lakini asingeelewa bila kuisikia. Aliisikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama mkononi. Akaniomba niirudie. Halafu akasema, "Ndiyo sauti yake. Twende." Akajifunga kitenge kingine juu ya kile cha kazi, na makapi yakiwa bado kichwani.

Tulipofika studio, alikaa pale ulipokuwa ukikaa. Akatangaza kifo chako kama ndugu wa marehemu anavyopaswa kutangaza: jina lako na la baba yako, ulivyougua, siku uliyokata roho, waliochimba kaburi, wimbo uliotaka uimbwe. Kwanza kwa Kinyiramba, kisha kwa Kiswahili. Hakulia. Mwishoni akasema, "Mimi ndiye niliyemfunika uso. Mwacheni huyo kijana aende kwa watoto wake."

Kinyangiri waliweka redio kwenye dirisha la ofisi, wakaifungulia sauti yote. Mwenyekiti anasema watu walisimama kimya kama wako msibani, kisha wanawake wakaanza kuondoka, halafu wazee. Polisi walipofika walikuta vijana wachache wanatazama majivu ya pikipiki. Jumanne alitoka na mkono uliovunjika, kwa mawe yaliyopita dirishani. Yuko hai. Nilitaka nikwambie hilo mwanzoni kabisa, ila barua ina njia zake.

Ningependa niishie hapo, Baba Neema. Ungenisifu kidogo, ungeniambia nikanywe chai.

Leo asubuhi imekuja klipu nyingine. Ni sauti ya Mama Neema. Alikuwa hewani kwa muda mfupi tu, lakini fundi anasema ule muda unatosha. Ndani yake anaongea Kinyiramba, taratibu, kama anavyoongea kweli. Anasema mumewe hajafa. Anasema alitishwa ili aseme vile redioni. Anasema kaburi la Ulemo ni tupu.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa nyumbani kwako. Mama Neema yuko ndani na hataki kupokea simu ya mtu, hata ya Neema aliyeko Dodoma. Anasema kila neno atakalolitoa watalichukua. Nimemwambia maneno ya kumtuliza, lakini mimi mwenyewe tangu asubuhi naongea kwa kunong'ona, sijui kwa nini. Nimeandika kwenye ukurasa, nimesoma hewani, nimewapigia polisi nao wamesema watatuma mtu. Hajaonekana bado.

Barabarani watu wanapita. Zamani walipita tu. Leo wakifika kwenye uzio wako wanapunguza mwendo, wanatazama upande wa kaburi, hawasalimii. Kijana mmoja alilipiga picha kaburi akaondoka. Mchana mwenyekiti wa Kinyangiri alinipigia. Wamekubaliana kwenye makundi yao kwamba kesho baada ya ibada watakuja, kutoka vijiji kadhaa, kuhakikisha. Nilimuuliza watahakikisha vipi. Akaniambia tu nisimwache mama peke yake.

Sina hata nguvu ya kuwachukia. Miaka yote tumekuwa tukiwaambia wasiamini kitu mpaka wamekiona kwa macho yao, na sasa wanataka kuona. Nani atawaambia wamekosea? Mimi? Kwa sauti ipi?

Nimeamua hivi. Simu ya studio nimeizima, nimeikabidhi kwa Meneja, akasirike akitaka. Waliokuchimbia kaburi nimewapelekea ujumbe kwa miguu, nyumba kwa nyumba, waje wakae nasi. Nimetandika mkeka ubavuni mwako na Mama Neema amekubali kutoka aje akae. Kesho wakifika tutawaamkia mmoja mmoja, tuwashike mikono, na kila mmoja tutamweleza upya jinsi ulivyokufa, hata kama itatuchukua hadi jua lizame. Sijui kama watatusikiliza. Naogopa, Baba Neema. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kukutangaza.

Lala sasa. Umetangaza vya kutosha. Nakuahidi sitaondoka hapa, na ukisikia jembe juu yako, ujue limepita kwangu kwanza.

Mwanafunzi wako,
Halima