Niombe Jemadari Thangari

Mpendwa dada yangu wa gichiaro,

Mwezi uliopita nilikuja Laare na sikukusalimu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na habari za mvua nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Nilisimama nyuma ya pikapu pale sokoni, karibu kiasi cha kukusikia ukikohoa, nawe ukipanga majani ya ndizi ya kufungia miraa. Kisha nikaondoka kama mwizi wa kuku. Barua hii naiandika wazi, aisome atakaye, maana nilikuomba mbele ya watu na haifai nije kuona aibu nikiwa nimejifungia chumbani.

Unayakumbuka mabomba ya shule pale Kaaga? Jumamosi asubuhi, maji ya kutoka mlimani, vidole vinakufa ganzi kabla soksi ya kwanza haijatakata. Sisi wengine tulifua ili tumalize. Waliopata nafasi karibu nawe walifua ili wasimalize. Ulitupeleka katika nchi ambayo mito yake ilipanda mlima badala ya kushuka, na askari wake walipanda nungunungu wakubwa kama ng'ombe, wakikalia migongo yao kwa uangalifu mkubwa. Huko ndiko alikoishi Jemadari Thangari, uliyempa jina la ile nyasi ya shambani isiyokufa hata uilime vipi. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi, anaogopa radi, na hakuwahi kushindwa vita.

Kilichotumaliza zaidi ni kitabu chake. Kila vita vikiisha, Jemadari alijifungia hemani na kuandika kwa mwiba wa nungunungu sura moja ya mafunzo ya vita, nawe ulitusomea sura hizo kutoka hewani, sauti nzito, sabuni mkononi. "Jeshi lenye njaa lina adui mmoja tu, naye ni mpishi." Wasichana walicheka hadi ndoo zikamwagika. Na ile nyingine: "Ngome isiyo na lango haitekwi. Huibwa." Hiyo tuliitikia tu kwa vichwa, hakuna aliyeielewa.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Baba yako na baba yangu walikaa benchi moja wakila mukimo, wakaanza kuulizana ukoo kama wazee wanavyoulizana. Ghafla baba yako akaweka sahani chini.

"Wewe ni gichiaro changu!" akasema.

Wakashikana mikono, wakacheka kama watoto. Baba yangu, kwa furaha na bila kufikiri, akasema, "Na koti lako ni zuri, aki." Baba yako akalivua hapo hapo.

"Mzee, mimi nilikuwa nasifu tu!"

"Umesifu na nimesikia. Sasa nitakunyimaje?"

Sisi wawili tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Baba yako akatugeukia bila kucheka. Akatuambia koo zetu zililishana kiapo zamani, kwamba watu wa gichiaro hawadanganyani wala hawanyimani, na anayemnyima mwenzake hujitafutia balaa. Kulipoanza kunyesha, baba yangu alimkimbilia hadi langoni amrudishie koti. Nusura wagombane. "Kitu cha gichiaro hakirudishwi, hiyo ni matusi. Mwenyewe akikitaka tena ataomba, na wewe hutamnyima." Akaondoka na shati lake, analowa, ameridhika kabisa.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na mchezo wetu. Kwa gichiaro, nipe sukari. Kwa gichiaro, nipe nusu ya sabuni. Uliniomba utepe wangu wa nywele, nikakuomba kijiko chako, na hatukunyimana kitu.

Lakini nilikuwa na wivu, Karambu. Acha niliseme kwa mdomo wangu. Nilitoka Tharaka, kule chini kwenye joto, nikaletwa kwenye baridi ya Kaaga ambako hakuna aliyenijua, na njia pekee ya watu kunijua ilikuwa kwamba nilikuwa rafiki yako. Walikuita Jemadari. Mimi waliniita "yule wa Jemadari", kama vile mimi ni mmoja wa nungunungu wake.

Jumamosi ile ulikuwa umemfikisha Thangari mtoni. Daraja limekatwa, adui yuko kila ng'ambo, maji yanamfika kiunoni na yanazidi kupanda, na sura ya mwisho ya kitabu chake hajaiandika. Ukanyamaza ili kukamua sketi. Wasichana wakapiga kelele uendelee. Hapo nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Karambu, kwa gichiaro, nipe Jemadari."

Walicheka. Hata mimi nilicheka. Wewe ulijifuta povu mikononi, taratibu, kidole baada ya kidole, ukaniangalia.

"Haya," ukasema. "Nimekupa."

Nilidhani ni utani wetu. Jumamosi iliyofuata walikuzunguka na mabeseni yao, ukawaambia, "Muulizeni Makena. Ni wake." Nikajaribu. Ee Mungu, nilijaribu! Nungunungu wakaanza kuongea kama naibu wa mwalimu mkuu, adui akatubu bila sababu, na vita vikaisha kabla sijafua kola moja. Wasichana wakachukua mabeseni wakaenda kuanika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako, na mimi hata sikuazima. Ningeweza kukuvuta kando nikuambie nilikuwa nacheza. Sikukuvuta, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imefurahi kwamba sasa hata wewe huna.

Halafu nikafanya baya zaidi. Muhula uliofuata tuliambiwa tuandike insha, nikamwandika Thangari, si mtoni bali mwanzoni, kwa maneno yako, na kitambi chake na radi yake. Ilisomwa mbele ya shule nzima. Mwalimu akauliza, "Makena, umetoa wapi haya?" Nikajibu, "Nimefikiria tu, mwalimu." Wewe ulikuwa mstari wa pili. Ulipiga makofi pamoja na wengine, uso umetulia, bila chuki, na ndiyo maana hadi leo sipendi kupigiwa makofi. Mama yako alipougua ukaenda nyumbani kumwuguza na hukurudi tena. Nilisikia habari hiyo nikiwa pale pale mabombani. Nitakuambia ukweli: kabla sijahuzunika, nilipumua.

Sasa mimi ni mwalimu huku Kanja, upande wa Embu. Darasa langu lina bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, hakuna kinachofundishika. Siku moja, ili wanyamaze, niliwapa Jemadari. Nilisema tu yale uliyosema wewe, neno kwa neno, na wakatulia kama wako kanisani. Nilipofika mtoni nikasimama. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, alitoka aje hapo kwa maji?"

Nikamwambia kengele imelia. Haikuwa imelia. Watoto wakatazamana, wakafungasha vitabu kwa heshima, nami nikabaki na chaki mkononi, mwanamke mzima, nimeshikwa na aibu ya kidato cha pili.

Ndiyo maana nilikuja Laare. Nilisema nitakutafuta, nikuinamishie kichwa, nikurudishie mali yako. Sikuhangaika kukutafuta. Nilisikia wanawake wakicheka nyuma ya mizigo ya majani na nikajua ni wewe ndani yake. Ulikuwa unasimulia habari za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye harusi, mikono ya wote imesimama, majani yananyauka, na mnunuzi mmoja analalamika kwamba gari litamwacha. Hukuwa umepoteza chochote. Nikaanza kujitokeza. Kisha mama mmoja mwenye leso nyekundu akasema, "Hiyo ya mbuzi tumesikia. Si utuambie ile ya vita, ile uliniambia ulikuwa nayo ukiwa shule?"

Ukachukua fungu lingine la majani. "Hiyo siwezi," ukasema. "Ina mwenyewe. Niliiachia mtu."

"Kwani huyo mtu atajua?"

"Mimi nitajua."

Hukusema kwa uchungu. Ulisema kama mtu anayekataa kuchuma maharagwe ya shamba lisilo lake. Miguu yangu ikanigeuza yenyewe. Miaka yote hii nilijifariji kwamba ulisusa, kwamba ulikuwa na kiburi kidogo, kwamba pengine umemsahau. Kumbe ulikuwa unaniwekea heshima, mimi ambaye sikuwa nayo. Nilipofika stendi ndipo nikaielewa ile sura tuliyoitikia kwa vichwa. Mbele yangu hukuwa na lango, Karambu. Kiapo cha wazee wetu kilikuwa kimeliondoa. Nami niliingia na kubeba.

Nakurudishia, ningetaka kusema, lakini namsikia baba yako pale langoni, shati limelowa. Kitu cha gichiaro hakirudishwi. Nikikurudishia nitakuwa nimekutukana mara ya pili. Kwa hiyo siandiki kuomba msamaha, ingawa naona haya hata kuandika jina lako. Naandika ili ujue niko wapi. Niko Kanja, shule iliyo juu ya barabara ya kahawa, kila mtu atakuonyesha.

Jemadari wako bado yuko mtoni. Mimi sina uwezo wa kumtoa, na maji ya nchi ile, unayajua mwenyewe, hayashuki. Njoo, au nitumie neno na yeyote anayepita. Useme kwa upole au kwa matusi, mbele ya darasa langu ukipenda, lakini useme kwa gichiaro.

Niombe, dada. Siwezi kukunyima.

Ni mimi, gichiaro chako,
Makena