Kaa la Moto Mguuni mwa Hamisi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelitupa daftari hili tangu masika. Kosa ni langu, sina udhuru. Leo nimefagia, nimepika, nimempelekea Hamisi chakula Soko la Burma, anakochoma nyama. Nimemkuta ameketi. Mdogo wangu haketi kazini.

Kaa la moto lilikuwa limeingia katika kandambili yake. Hakuhisi. Wateja ndio waliosikia harufu. Mmoja akamwambia, "Mzee, ni mguu yako inachomeka." Hamisi akamjibu kwamba nyama hiyo asiiagizie kachumbari.

Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Kidonda kinanuka. Alikuwa akikificha ndani ya soksi. Nimempeleka hospitali kwa ukali. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Daktari, binti mwenye sauti ya chini, anataka kuvikata kabla ubovu haujapanda mguuni.

Nilimwambia kuwa chanzo cha kisukari chake ni ulafi. Hakukubali. Alieleza polepole. Seli za mafuta tumboni zikijaa kupita kiasi huumia, nyingine hufa. Seli za kinga huja kuzoa uchafu, kama zijavyo penye jeraha. Lakini hapo hapaponi, basi haziondoki. Huita nyingine. Uvimbe huo wa ndani hauumi, ila kemikali zake hufika kwenye ini na misuli, navyo huacha kuitikia insulini. Sukari hubaki katika damu. Miaka ikipita, huua mishipa ya fahamu na kuharibu mishipa ya damu. Ndiyo maana kaa halikumuuma. Ndiyo maana kidonda hakifungi.

"Askari walewale wa kumlinda," nikasema.

"Ndio hao, Mama."

Kitambi chake tulikuwa tukikisifu. Tulisema mkewe anamtunza.

Ijumaa, 15 Agosti

Hamisi amekataa. Amerudi nyumbani na vidonge. Nina hasira naye.

Nilidhani anaogopa kisu, au anaogopa kushindwa kusimama penye jiko. Sivyo. Baada ya sala ya Ijumaa alisema, akiutazama ukuta, "Dada, nitazikwa nusu?"

Nilikwenda kwa imamu wetu hapa Majengo. Amesema kiungo kilichokatwa huzikwa kwa heshima, na mwenyewe hapungukiwi na kitu mbele ya Mungu. Nimemfikishia Hamisi maneno hayo.

Jumapili, 17 Agosti

Homa imempanda. Daktari ametuambia uamuzi usivuke kesho asubuhi.

Nimekwenda Gikomba kununua bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Mpya, si mtumba. Mwenye duka aliona ni kipande kidogo, akanipa pole, akauliza kama ni ya mtoto. Nikamjibu ni ya mdogo wangu.

Nimeikunja, nimeiweka mezani karibu na kikombe chake. Ameitazama kwa muda mrefu. Kisha ameivuta upande wake, isimwagikiwe na chai.

Sitamshurutisha. Akishaamua nitaandika hapa, hata likiwa neno moja.