Umeniharibia Vipimo

Kaka,

Huku wazima, na kile kibao changu cha bei poa, kinachopima mawimbi ya ubongo na kuyarusha kwa wifi hadi kwenye kompyuta, hatimaye kimekubali. Siku tatu nilitamba na mawimbi mazuri ajabu, kumbe nilisahau kuzima hali ya majaribio. Kibao kilikuwa kinajipima chenyewe!

Jana nilirekebisha, nikambandika Baba vihisio kichwani, nikamwekea ile sauti uliyotutumia ukiimba vibaya. Mistari kwenye kompyuta ikarukaruka ovyo. Nikakagua kila kihisio huku nikikulaani, kisha nikamtazama usoni. Baba, ambaye hajatoa sauti tangu apooze, alikuwa anacheka; misuli ya uso wake ndiyo iliyokuwa ikivuruga mistari.

Ule ugomvi wako na Baba nadhani umeisha. Njoo uniharibie vipimo tena.

Mdogo wako, fundi kichwa ngumu