Mabula Aliniona, na Bado Hajasema

Mama Elia, Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kabla Jumapili ya ubatizo haijanikuta, maana nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Nkololo, mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka miwili iliyopita mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mabula, alipata mapacha, nikasikia kwamba walimwita bibi wa dawa wakafanyiwa mila ya mapacha, wakanyunyiziwa maji ya chungu na kuimbiwa zile nyimbo za matusi ili watoto wasipofuke na mvua isikatike, basi sikumuuliza mtu, nilikwenda moja kwa moja kwa paroko, Mabula akavuliwa uenyekiti, yeye na mkewe Nyanjige wakazuiliwa komunyo mpaka wafanye kitubio, na tangazo nililisoma mimi mwenyewe mbele ya kigango kizima, tena kwa sauti. Mabula aliniambia nje ya kanisa, "Katekista, ungekuja kwangu kwanza." Tangu siku hiyo hajarudi, Nyanjige huja peke yake.

Sasa mwezi wa tatu mke wangu Benedikta amejifungua mapacha. Kulwa mzima, ila Doto alizaliwa mdogo, akapata joto, akakataa ziwa. Mayu, mama yangu, aligoma kula, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, hiyo dini yako itatuzikia mtoto." Benedikta analia, Doto analia, na mimi, Mama, wala sikulazimishwa, nilipanda pikipiki ya parokia nikamfuata bibi yule yule, nikampakia nyuma na chungu chake. Njiani tukakutana na Mabula anaswaga ng'ombe. Akatuangalia wote wawili, akatusalimu tu, "Mwadila, katekista. Watoto hawajambo?" Nikasema hawajambo, nikatia gia.

Mila ikafanyika. Kesho yake Benedikta alimpeleka Doto zahanati, akachomwa sindano, na sasa ananyonya vizuri. Mayu anasema ni chungu kilichomponya. Wiki ya tatu hii namsubiri Mabula aende kwa paroko, haendi, na paroko akinipigia simu naiacha iite mpaka ikatike. Mapacha wanabatizwa Jumapili ijayo. Nimefikiria nikamwombe Mabula anitunzie siri, au ninyamaze tu, maana ukatekista ndio heshima yangu yote. Nifanye nini?

Katekista, Nkololo

Milele amina, katekista. Mtoto akikataa ziwa, mzazi anaweza kukimbilia popote, nimezaa sita najua. Hapo nakuhurumia kwa moyo wote, na huruma yangu inaishia hapo hapo.

Pikipiki umepewa uwafuate wagonjwa, wewe umembebea bibi chungu! Ningekucheka, ila kuna mtu aliumia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mabula naye alikuwa na watoto wachanga na mama mwenye hofu, kama wewe. Hukumuuliza kama wanaumwa. Hukumuuliza chochote.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unaposema umemkosea Mabula. Hapapo. Umeandika chungu, paroko, heshima yako. Baba, chungu kina kitubio chake na paroko anakijua vizuri kuliko mimi. Kuwapokea mapacha kwa ngoma na vigelegele hakuna ubaya; ubaya ni kuamini kwamba Mungu atawapofua watoto kwa sababu bibi hakuitwa. Mayu mwambie kwa upole kwamba mjukuu alipelekwa zahanati akatibiwa, na kliniki zake msiruke hata moja, mtoto huyo bado mdogo.

Sasa sikiliza. Usisubiri Jumapili. Nenda kwa paroko kesho, ungama, kisha mweleze nje ya kitubio pia, kama mtumishi wake, na umwambie wazi kwamba kesi ya Mabula uliipeleka kwa uvumi, bila kumsikiliza mwenyewe. Akikuvua ukatekista, mkabidhi funguo za kanisa na pikipiki bila kunung'unika. Watoto watabatizwa tu, wao hawakupanda pikipiki. Halafu omba ruhusa usimame pale pale uliposoma tangazo, na uliyoyasema kwa sauti uyarekebishe kwa sauti.

Lakini kabla ya paroko, leo hii, nenda kwa Mabula. Nenda kwa miguu. Usimwombe akutunzie siri, ameshakutunzia wiki tatu bila kuombwa. Muombe msamaha yeye na Nyanjige, wote wawili wakiwepo, na wakikufokea kaa kimya mpaka wamalize. Na akikuuliza kwa nini umechukua wiki tatu kufika, mwambie ukweli wenyewe: ulikuwa unaogopa kwamba na yeye ni mtu kama wewe, wa kukimbilia kwa paroko kwanza.