Kifua Nilichokuficha

Mama Neema wangu,

Natumaini goti limekuachilia na sasa unainama shambani bila kulalamika. Mimi hapa Nyeri ni mzima, neno ambalo utalipima mwenyewe ukimaliza kusoma. Ningepiga simu, lakini ungenyamaza kidogo tu ningekata.

Baada ya Pasaka uliniuliza kama nimepata mke mwingine huku. Nani angenichukua, na tumbo hili? Nilichopata ni titi. La kushoto. Lilianza kama kifungo cha shati chini ya chuchu, kinauma nikikigusa, kisha likajaa kama la binti anayevunja ungo. Kwa baridi ya Nyeri kila mwanamume anashinda na sweta na koti, hakuna wa kuuliza. Lakini kwa joto la huko nyumbani Taveta ningevaa nini? Ndiyo maana Krismasi nikasema lori limeharibika, na Pasaka nikasema tajiri amekataa ruhusa. Yote uongo. Nilikuwa nimeshaamua ni saratani, na kwamba ni aibu mwanamume kufa na ugonjwa wa wanawake.

Halafu tajiri akanituma Wang'uru kusimamia upakiaji wa mchele. Jua la huko linachoma utosi, nami nimo ndani ya koti. Mama Wambui, anayepepeta mchele pale ghalani, alinivumilia siku mbili.

"Mzee, wewe na hiyo koti mlioana?"

"Niko na homa kidogo."

"Ati homa. Na hiyo kifua unashika kila saa?" Akashusha sauti. "Bwana yangu alificha uvimbe mpaka tukamzika nayo. Enda hospitali."

Nikaenda. Wakanielekeza kliniki ya matiti, benchi zima akina mama, na mimi katikati. Muuguzi akatoka akaniambia, "Mzee, mwambie mama aingie."

"Mama ndiye mimi."

Walicheka, nami nikacheka, ingawa ndani sikusikia kitu. Miezi hii nimekuwa hivyo. Nakula, nalala, kama ninayemtazama mtu mwingine.

Daktari, binti wa rika la Neema wetu, alipapasa kifua, tumbo, na hata kule nisikokuandika. Akauliza kama nakunywa pombe, na dawa gani natumia. Nikatoa vidonge vyangu vyote vya presha. Wakatoa damu, wakalibana titi kwenye mashine likawa bapa kama chapati. Niliporudi kuchukua majibu akasema, "Mzee, hii si saratani. Ni hiki kidonge kimoja, huwafanya wanaume wengine hivi. Nimekubadilishia. Lakini usiwahi kuacha dawa ya presha kwa kujiamulia." Alisema uvimbe unaweza kunywea polepole; ukikataa, kuna upasuaji mdogo.

Nikashukuru, nikanunua mandazi mawili, nikala nimesimama. Furaha bado naingoja.

Mpe mama mkwe salamu zangu, na Neema umweleze yote. Kaka yangu fundi wa baiskeli msalimie tu. Mdomo wake hauna breki.

Nakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Maneno yangu ya mwaka huu najua hayana uzito, kwa hiyo sikuombi uyaamini. Nichemshie maji ya kuoga, na uje unisugue mgongo kama zamani. Sitafunga mlango.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema