Bibi, Mgongo Unaniuma na Simu Huipokei

Lesta, Uingereza
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Bibi yangu Bi Chumu, Shumba Viamboni

Assalamu alaykum. Naikamata miguu yako kwa mbali, Bibi, na naomba uniitikie hata kama bado umenuna. Vipi goti? Kifua nacho kimetulia? Na wale kuku wanaolala jikoni, umeshawahamisha au bado ndio wenye nyumba? Mimi hapa, alhamdulillahi, mimba imeingia mwezi wa saba na mtoto hatulii.

Barua hii anakuja nayo jirani yetu wa Wete, anakuja nyumbani likizo. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu simu huipokei. Nikipiga, mama mdogo Mize ananiambia umo msalani. Nikipiga tena, umelala. Juzi akaniambia umeshuka pwani kwenye mwani, na mimi najua tangu goti likuanze mwani huugusi. Basi namwomba mama mdogo akusomee yote, asiruke kitu, hata pale atakapotajwa yeye.

Najua kilichokuudhi. Kwetu mimba ya kwanza mtu huirudisha kwa wazazi wake, na mzazi wangu ni wewe. Marehemu mama alirudi kwako kunizaa mimi, ukamkanda kwenye chumba kile cha nyuma, na tangu Mungu alipomchukua wewe ulikuwa unaingojea zamu yangu. Kanga ulishanunua, mafuta ya nazi ulishapika. Mara nakupigia nakuambia presha imepanda, daktari amenikataza kupanda ndege. Ukaniuliza, "Huyo daktari ndiye aliyekulea?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi kaa naye," ukampa Mize simu. Sijaisikia sauti yako tangu siku ile.

Na mgongo wenyewe si mchezo, Bibi. Kazini kule kwenye nyumba ya wazee wamenionea huruma, hawanipi tena kazi ya kuwainua, lakini jioni miguu imejaa, viatu haviingii, na kiuno kinavuta mpaka chini. Hospitali wananipima kila mara, wanasema miguu hiyo ni ya mimba tu, presha ndiyo wanayoichunga. Nikilalia ubavu huu naona ule ndio wenye raha, nikigeukia ule najuta.

Hapo ndipo ninapokukumbuka. Namkumbuka mama mdogo alivyorudi kutoka Msuka na mimba yake ya kwanza, analia, anamlaani mumewe na ukoo wake wote. Ulimtandikia mkeka, ukamlaza ubavu, ukamtia mto katikati ya magoti. Ukayapasha mafuta ya nazi kwenye kikombe cha bati, ukayaonja joto kwa kiwiko kwanza, kisha ukaanza na vidole vya miguu, kimoja kimoja, ukipanda taratibu. Hujafika magotini, Mize anakoroma na mate yanamtoka. Ukaniita pole pole, "Njoo umtazame huyu anayesema halali wiki nzima." Tulicheka mpaka tukamwamsha, akaanza upya kulaani.

Tumbo lake hukuliminya. Ulipitisha kiganja juu juu tu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Walikuja wanawake mpaka kutoka Micheweni wakitaka uwageuzie mtoto tumboni, ukawarudisha. "Mie nakanda mgongo na miguu," ukawaambia. "Tumbo nendeni nalo hospitali." Na kuna jambo jingine nililiona, sijui kama mwenyewe unalijua. Mkono mmoja ukienda kwenye mafuta, wa pili ulibaki mgongoni mwa mtu. Hukuibandua yote miwili mpaka umalize. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Mwenye mimba haachwi peke yake, hata kidogo."

Sasa sikiliza vituko vya mumeo. Ndiyo, mumeo, si ulisema siku ya harusi yetu kwamba Hamadi kakuoa wewe na mimi ni mke mwenza tu? Basi jioni moja aliniona nimeinamia meza siwezi kunyooka, akasema leo atanikanda. Akatoa chupa aliyofungiwa na mama yake, akamimina kiganjani, akanipaka mgongo mzima. Bibi, yalikuwa mafuta ya karafuu, matupu, hayajachanganywa na kitu. Kwanza yakawa baridi, kisha nikadhani kanimwagia chai. Nilikimbilia bafuni na tumbo langu. Yeye kasimama mlangoni ananiambia, "Lakini mzee wangu huyapaka magotini kila siku." Nikamuuliza, "Mzee wako ana mimba?"

Nikakaa chini ya maji, na harufu ile imejaa nyumba. Nikaiona barabara yetu wakati wa mavuno, karafuu zimeanikwa pembeni kwenye majamvi, na wewe umekaa barazani unachambua vikonyo huku unatugombeza tusikanyage. Nililia sana. Hamadi alidhani naungua, masikini, akawa anaomba msamaha nje ya mlango. Mgongo ulishapoa zamani. Nilikuwa nalilia kwetu.

Kesho yake tulikwenda kwa mkunga wa hospitali. Hakutugombeza. Alisema mafuta ya karafuu tusipake tena na mimba hii, mafuta mepesi yanatosha. Akanilaza ubavu, mto magotini, akamwonyesha Hamadi kukanda kando kando ya uti wa mgongo, asibonyeze mfupa, tumbo aliache. Akatuambia pia, mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma au ukawa wa moto, tusiukande, twende kwao mara moja. Hamadi jasho lilimtoka kwa haya, kumshika mkewe mbele ya mgeni. Mimi nikawa nawaza, mama huyu ni wewe mtupu, kasoro kanga tu.

Tangu hapo Hamadi ananikanda kila jioni. Mikono yake ni ya kubeba maboksi ghalani, lakini anajitahidi. Tabu yake ni moja, mpira ukiwa kwenye televisheni anainuka na mikono yote miwili. Namwambia, acha mmoja. Ananiuliza, "Unafanya nini huo mmoja?" Nilitaka kumweleza, nikaishia kuuvuta mkono wake na kuurudisha mgongoni.

Bibi, nitakuambia nisilomwambia yeye. Naogopa. Presha hii inapanda inashuka, na nitazaa mikononi mwa watu nisiowajua. Haya yote nitayavumilia inshallah, lakini siwezi kuingia chumba kile cha kuzalia na wewe umeninunia. Naomba radhi yako. Mengine yote niliyoyasema humu ni kuzungukazunguka tu.

Nisalimie mama mdogo Mize, na aniwie radhi kwa habari ya mate. Nisalimie Maalimu aliyenisomesha Kurani chuoni, umwambie aniombee dua. Bi Riziki wa nyumba ya pili mwambie vileja anavyooka navitamani mpaka naviota. Baba mdogo naye, mume wa Mize, mpe salamu, tulimsema sana siku ile na hakuwepo kujitetea.

Mama mdogo akimaliza kukusomea atatuandikia kwenye simu. Siku hiyo, baada ya Alasiri, atakayekupigia ni Hamadi, si mimi. Mimi nitakuwa nimelala ubavu, kimya, naye yuko nyuma yangu na mafuta mkononi. Pokea umfundishe mumeo. Si lazima uniulize hali, wala usinitaje. Wewe mwambie tu aanzie wapi.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Mwanakombo