Picha ya Mteremkoni

Mdogo wangu Corinne,

Huku Ohio hatujambo. Wade amepona vipele vya jua la Florida, ila bado anakuulizia: "Anti yuko wapi?"

Nakumbuka siku ile kwenye bustani ya michezo. Wade hakufikia kipimo cha urefu cha kupanda treni ya mteremko, ile inayopanda juu na kuporomoka kwa kasi, kwa hiyo ilibidi mimi na mume wangu Dwight tupokezane kukaa naye. Zamu yangu ya kupanda haikufika. "Dada, wewe mwoga bwana, baki na kigari cha mtoto," ukasema. Dwight akadakia, "Atatutapikia huyo!" Mkapanda mara nne, mimi nafuta aiskrimu shingoni mwa mtoto.

Mlisahau kwamba pale treni inapoporomoka kuna kamera, na picha huonyeshwa kwenye mlango wa kutokea. Wenzenu wote wameinua mikono, wanapiga mayowe. Nyinyi mnabusiana.

Niliinunua, nikaitia mkobani.

Kila mwaka Mama hunisema kwa kuchelewesha kadi za Krismasi zenye picha ya familia. Safari hii nimewahi, maana picha nilikuwa nayo tayari. Mama ameshapata, mchungaji ameshapata. Mchumba wako nimempelekea mbili, moja ya kazini.

Hiyo iliyo ndani ya bahasha hii ni yako. Nimekuweka wa mwisho makusudi.

Dada yako mwoga,
Maribeth